Sura ya Nne: Dakika 94

Kiti kilikuwa kimebaki kimoja. Binti wa tiketi alisema hivyo bila kuinua macho kwenye kompyuta yake, na alipoona mimi na kaka yangu hatujibu, akayainua. "Ni kimoja tu, kaka zangu. Cha saa nne."

Nje hapakuwa pamepambazuka vizuri. Simu ya kijijini ilikuwa imeingia saa tisa usiku: bibi alikata roho jioni, wazee wameshakaa, atazikwa kesho saa nane mchana. Hiyo kesho ndiyo ilikuwa leo yetu. Sisi tupo Mwanza, kaburi linachimbwa Kamachumu, Muleba, na kati yetu limelala ziwa.

Kaka hakufikiri mara mbili. "Nenda wewe," aliniambia. "Wewe ndiye bibi aliyekulea." Akanikabidhi bahasha ya rambirambi ya upande wetu, akatoka kutafuta usafiri wa kwenda stendi ya Nyegezi awahi basi. Ulikuwa mwaka 2023. Pale Kigongo, daraja lilikuwa bado linajengwa, na magari yakivuka kwa kivuko.

Nikabaki na tiketi iliyoandikwa kwamba ndege inaondoka 10:00 na safari ni dakika 45. Niliisoma tena na tena nikiwa nimekaa kwenye kiti cha chuma, na tangu siku ile namba hiyo haijaniacha. Dakika 45 zimetoka wapi? Nani alizihesabu? Na kwa nini siku nzima iliishia humo?

* * *

Tuanze na umbali wenyewe, kwa kuwa huo haubadiliki kwa mvua wala kwa jua.

Kiwanja cha ndege cha Mwanza kiko nyuzi 2 na dakika 27 kusini mwa ikweta, na nyuzi 32 na dakika 56 mashariki. Kile cha Bukoba kiko nyuzi 1 na dakika 20 kusini, nyuzi 31 na dakika 49 mashariki. Chukua kalamu utoe. Kutoka Mwanza kwenda Bukoba unapanda kaskazini dakika 67, na unasogea magharibi dakika zilezile 67. Sikuamini nilipoliona hilo mara ya kwanza, nikarudia hesabu. Maana yake ni kwamba Bukoba iko kaskazini magharibi mwa Mwanza kwa usahihi ambao fundi wa ramani asingeupanga vizuri zaidi. Ukisimama mwisho wa kiwanja cha Mwanza ukaitazama kaskazini, kisha ukageuka nusu ya njia kuelekea magharibi, uso wako unaitazama Bukoba.

Dakika hizi si za saa. Duara la dunia limegawanywa nyuzi 360, na kila uzi umegawanywa dakika 60. Neno dakika tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko nako linabeba kazi zote mbili, ya kugawa saa na ya kugawa duara. Mabaharia walichukua dakika moja ya duara la dunia wakaifanya kipimo chao cha safari, wakaiita maili ya bahari, na leo imewekwa kuwa mita 1,852. Marubani wakairithi. Mwendo wa ndege hupimwa kwa noti, yaani maili za bahari kwa saa. Jina limetokana na mafundo yaliyofungwa kwenye kamba iliyotupwa nyuma ya merikebu ili kuhesabu kasi yake.

Faida ya kipimo hiki huku kwetu ni kubwa kuliko kwa mtu wa Ulaya. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, mistari ya longitudo inasogeleana, na dakika ya kwenda magharibi inakuwa fupi kuliko dakika ya kwenda kaskazini. Mwanza na Bukoba ziko jirani mno na ikweta hata tofauti hiyo karibu haionekani. Kwa hiyo zile 67 na 67 unaweza kuzichora kama pande mbili za mraba, ukavuta mstari kutoka pembe hadi pembe, ukapata jibu: maili 94 za bahari na ushee kidogo. Kwa kilomita ni takriban 175.

Ndiyo kusema Mwanza na Bukoba zimetenganishwa na dakika 94 za dunia, na ndege huzila dakika hizo kwa dakika 40 hivi za saa.

* * *

Basi haliwezi kufuata mstari ule. Lazima lishuke kusini hadi Usagara, livuke ghuba pale Kigongo kwenda Busisi, lipite Sengerema, Geita na Chato, lizunguke kona yote ya kusini magharibi ya ziwa, ndipo lianze kupanda kaskazini kupitia Muleba. Jumla ni zaidi ya kilomita 400. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na anayelizunguka, hata kwa kona moja tu, analipa.

Ule uvukaji wa Busisi ndio uliokuwa ukila siku za watu. Kivuko chenyewe kilichukua muda wa kuvumilika. Kilichochosha ni foleni. Nimewahi kulala pale ndani ya gari, taa za upande wa pili zikionekana kabisa, hata muziki wa baa ukisikika. Daraja lilifunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3, na sasa gari linavuka kwa dakika chache. Wenye magari ya wagonjwa wa Sengerema wanajua uzito wa sentensi hiyo.

Njia ya tatu ni meli, ambayo kwa watu wengi wa Kagera ndiyo iliyokuwa njia ya kwanza. Unapanda jioni, unalala, unaamka unaona mwamba wa Musira mbele ya Bukoba. Ndivyo watu walivyosafirisha ndizi, kahawa, wanafunzi na maharusi kwa miaka mingi. Na ndivyo ilivyokuwa hadi asubuhi ya Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipopinduka ikiwa imebakiza kidogo tu kufika Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Kwetu kila ukoo una jina la mtu wake aliyekuwa mle. Bibi yangu hakupanda meli tena baada ya mwaka huo. Akitaka kuja Mwanza kutuona alizunguka kwa basi, siku nzima ikaisha, akashuka miguu imevimba, akasema ni heri hivyo.

Kwa angani, Mwanza ilianza mapema kuliko wengi tunavyodhani. Februari 1931, shirika la Imperial Airways lilipoanzisha safari ya ndege kutoka London kuja Afrika ya kati, kituo cha mwisho hakikuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Kilikuwa Mwanza, na sehemu ya mwisho ya safari ilikuwa kwa ndege zinazotua majini. Mwaka uliofuata njia iliongezwa hadi Cape Town. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi ziwa lilivyoonwa na marubani wa mwanzo. Sisi tulilihesabu kuwa kizuizi cha kuzungukwa. Kwao lilikuwa kiwanja kipana kisichohitaji kufyekwa.

* * *

Saa nne ilipita. Saa tano nayo ikapita. Kijana mmoja mwenye fulana ya kung'aa alikuja kutuambia kwamba Bukoba inanyesha na mawingu yamekaa chini, tuvumilie.

Jirani yangu alikuwa mama mtu mzima, kanga mbili, kapu la ukindu miguuni. Nilikuwa nimemwamkia mapema. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa kwetu jua linawaka hivi, Bukoba mvua imetoka wapi?"

Swali lake lina jibu zuri, na natamani ningelijua siku ile nimweleze. Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa juu yake ikapanda, na upepo wa ziwa ukaja kuijaza nafasi; hivyo mvua za mchana hupenda kunyesha nchi kavu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, na pepo kutoka pande zote za ufuko zinashuka kuelekea katikati ya ziwa. Zikikutana huko hazina pa kwenda isipokuwa juu. Ndiyo maana radi za Ziwa Victoria ni za usiku wa manane na alfajiri, na ndiyo maana wavuvi wa dagaa, wanaofanya kazi usiku, ndio wanaozifahamu na ndio zinaowaua. Pepo kuu za ukanda wetu hutoka mashariki, kwa hiyo mawingu hayo husukumwa kuelekea magharibi, na huko magharibi ndiko iliko Bukoba. Mji ule hupata mvua nyingi sana kwa mwaka, karibu milimita 2,000, na sehemu kubwa huwasili asubuhi, saa ambazo sisi wa Mwanza tunaanika nguo.

Kiwanja cha Bukoba kimekaa ufukweni kabisa. Njia yake ya kurukia ina urefu wa kama mita 1,500, chini ya nusu ya ile ya Mwanza, na ncha yake moja inaishia majini. Upande wa nchi kavu kuna vilima. Rubani anataka aione njia hiyo kwa macho, na akiikosa hana nafasi kubwa ya kubahatisha.

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyokuwa imetoka Dar es Salaam na watu 43 iliangukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 24 walitoka hai. Watu 19 hawakutoka. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kutoka pale hadi kwenye lami ni mita mia chache tu, umbali ambao mtoto wa Bukoba anauogelea. Wale abiria walikuwa wamekwisha kumaliza zaidi ya kilomita elfu moja.

Kwa hiyo yule kijana aliposema tuvumilie, hakuna aliyenung'unika. Mwaka mmoja kabla ya ajali wangenung'unika. Nilimpigia kaka, alikuwa bado kwenye foleni ya kivuko.

* * *

Sasa nirudi kwenye kile kiti kimoja, maana nilikuja kuelewa baadaye kwa nini hakikuwa viwili, na jambo hilo linanigusa mpaka leo.

Ndege iliyokuwa inatusubiri ilikuwa Cessna Caravan, injini moja ya pangaboi puani, nafasi ya abiria kumi na wawili hivi. Uzito wote inaoruhusiwa kuruka nao, pamoja na bodi yake, rubani, watu, mizigo na mafuta, hauzidi tani 4. Ndiyo maana tulipimwa. Kila mmoja alipanda kwenye mzani akiwa na begi lake mkononi, mbele ya wenzake, na yule mama alivua kandambili zake kwanza kana kwamba ni hospitali.

Mafuta huhesabiwa kwa dakika. Rubani wa Bukoba habebi mafuta ya kufika Bukoba tu. Anajiuliza: nikifika nikakuta pamefunga, nakwenda wapi? Jibu la kawaida ni kurudi Mwanza, kwenye njia ndefu na upeo wa wazi. Kwa hiyo anabeba mafuta ya kwenda, mafuta ya kurudi, na juu yake akiba ya dakika nyingine za kuzunguka hewani kama kuna lolote. Dakika 94 za kwenda anazibeba mara mbili hata kama atazitumia mara moja. Caravan hula kama kilo 150 za mafuta kwa saa. Piga hesabu ya dakika 40 za kurudi: ni kama kilo 100.

Kilo 100 ni kaka yangu na begi lake.

Sisemi ilikosewa. Siku yenye mvua Bukoba, rubani anayeacha mafuta ya kurudi ili apakie mtu mmoja zaidi hafai kupewa ndege. Nataka tu ijulikane kwamba ndani ya kila safari fupi kuna safari nyingine ambayo haifanyiki, imebebwa ikiwa kimiminika ndani ya mabawa, na siku ile ilichukua nafasi ya mtu.

* * *

Tuliruka saa sita na robo. Nilikaa nyuma kabisa ya rubani, nafasi ambayo magoti yako yanagusa kiti chake, na nikaweza kuona kioo chake cha kuongozea. Kulikuwa na mstari wa rangi ya zambarau ukikatiza eneo la buluu, na pembeni tarakimu mbili zilizonivutia kuliko dirisha. Moja ilisema umbali uliobaki. Nyingine ilisema muda uliobaki.

Umbali ulianza 94. Muda ulianza kwa kudanganya, ukasema karibu saa nzima, kwa sababu tulikuwa bado tunapanda na kasi ilikuwa ndogo. Kutoka Mwanza, ambako kiwanja kipo mita zipatazo 1,150 juu ya usawa wa bahari, tulipanda hadi futi 8,000. Urefu huo haukuchaguliwa ovyo. Ndege inayoelekea upande wa magharibi wa dira hupewa maelfu ya shufwa, nane au kumi. Inayoelekea mashariki hupewa ya witiri, saba au tisa. Kwa kanuni hiyo ndogo, anayetoka Bukoba na anayetoka Mwanza hupishana wakiwa na futi elfu moja kati yao, hata kama hawajaonana.

Tulipofika juu rubani akarudisha nguvu ya injini, sauti ikatulia, na ile tarakimu ya muda ikaanza kusema kweli. Noti 170 na zaidi kidogo. Hesabu yake ni ya mtoto wa shule: maili 94 kwa noti 170 ni dakika 33. Zilizobaki kufikia 45 za tiketi ni za kupasha injini, kutambaa hadi mwanzo wa njia, kupanda taratibu, kupunguza mwendo, kuzunguka kiwanja na kuegesha. Mashirika huhesabu tangu kabari zinapotolewa chini ya magurudumu hadi zinaporudishwa. Hilo ndilo jibu la swali langu la kwanza. Robo ya muda ulioandikwa kwenye tiketi si ya kwenda popote. Na ndiyo sababu ndege kubwa haisaidii sana kwenye njia kama hii. ATR 72 hutembea noti 270 hivi ikishatulia, lakini kwa maili 94 haina muda wa kutulia. Ikimaliza kupanda inaanza kushuka, na mwisho wa yote inaokoa dakika kumi hivi.

Kisha kuna upepo. Tuseme unavuma noti 15 kutoka kusini mashariki, mwelekeo wa kawaida wa miezi ya kiangazi. Ukienda Bukoba unakusukuma mgongoni: unatumia dakika 30 na nusu. Ukirudi unakuzuia kifuani: dakika 36 na ushee. Mtu angedhani kinachopotea huku kinarudi kule. Jumlisha. Bila upepo, kwenda na kurudi ni dakika 66 na sekunde chache. Kwa upepo ni karibu 67. Ukiuongeza upepo ufike noti 40, jumla inapita 70. Sababu yake ni rahisi ukiitafakari: upepo unaokuzuia unakuzuia kwa muda mrefu zaidi kuliko ule unaokusaidia. Upepo hukopa na haulipi chote.

Chini yetu maji yalikuwa ya kijivu. Kushoto niliona kisiwa cha Kome kikirudi nyuma. Mbele hapakuwa na kitu, kwa sababu mstari wa moja kwa moja kutoka Mwanza hadi Bukoba karibu wote ni maji matupu, na boya za kujiokolea tulizofundishwa kuzivaa kabla ya kuruka hazikuwa mapambo. Nikaona mitumbwi, midogo kama mbegu. 60. 58. 55. Nilikuwa nikizitazama zile tarakimu zikishuka, nikagundua nimekuwa nikizisoma kwa sauti ndogo, na yule mama wa kanga ameshika mkono wangu.

"Unakwenda kuzika?" akauliza karibu na sikio langu, maana injini ilikuwa inanguruma.

"Ndiyo, mama. Bibi."

"Pole, mwanangu. Utawahi."

Alikuwa anarudi nyumbani kutoka hospitali, kapu lake lina dawa na samaki wa kukaanga. Zamani, aliniambia, mama yake alimpeleka Mwanza kwa meli akiwa mtoto, na alidhani wamehama nchi.

* * *

Kuna jambo la saa ambalo nimeona linawaumiza watu wetu mara nyingi. Tiketi huandikwa 10:00, nasi tunasema saa nne. Mjomba wangu mmoja aliwahi kununuliwa tiketi ya 08:00 kutoka Bukoba. Alifika kiwanjani saa saba na nusu mchana, amevaa suti, akijua amewahi nusu saa. Ndege ilikuwa imeondoka tangu saa mbili asubuhi. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu aliyesoma, na alirudi nyumbani na aibu ambayo haikumstahili. Saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza, na kwa watu wa ikweta hakuna saa iliyo sawa zaidi, kwani siku zetu hazirefuki wala hazifupiki kwa kiasi cha kumsumbua mtu. Wauza tiketi wangeandika zote mbili, kwa wino uleule. Ni maneno manne.

Ingawa Bukoba, kusema haki, jua lenyewe huchelewa. Nchi nzima inafuata saa moja, lakini jua hutembea nyuzi 15 kwa saa, na Bukoba iko magharibi mwa Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi 7. Hiyo ni karibu nusu saa. Mwezi Februari jua la Bukoba huchomoza kama saa moja kamili asubuhi, wakati Dar es Salaam watu wako barabarani zamani. Hata kati ya Mwanza na Bukoba, zile dakika 67 za magharibi ni dakika nne na nusu za jua. Mfungaji wa Bukoba humsubiri jirani yake wa Mwanza amalize tende ndipo naye afungue.

Nilitua nikiwa nimezipata mchana ule dakika nne za mwanga ambazo kaka yangu hakuwa nazo.

* * *

Mwamba wa Musira ulitokea kulia, umelowa. Mvua ilikuwa imehamia vilimani na lami ilikuwa inang'aa. Rubani alizunguka mara moja, akatazama, akashuka. 3. 2. 1. Magurudumu yaligusa ilipokuwa saa saba kasoro dakika tano, yaani dakika 40 tangu tuiache lami ya Mwanza. Kwa mapigo ya moyo wangu ilikuwa zaidi.

Bukoba ina neema moja: kiwanja kiko mjini. Unatoka na begi lako, unavuka, umefika. Mwanza kiwanja kiko Ilemela, karibu kilomita 10 kutoka katikati ya mji, na asubuhi ile tulikuwa tumetumia muda mrefu barabarani kukifikia kuliko nilioutumia sasa kupata gari la Muleba. Namba za umbali kati ya viwanja hazimjui mtu anayekaa Buhongwa wala anayekaa Kamachumu. Zinaanzia kwenye lami na kuishia kwenye lami.

Dereva aliendesha bila kuzungumza alipojua ninakokwenda. Migomba pande zote mbili ilikuwa inadondosha maji. Nilifika saa nane na dakika ishirini. Wazee walikuwa wamesogeza muda kidogo kwa kuwa nilipiga simu kutoka kiwanjani, na shangazi alinishika begani akaniongoza ndani nimtazame bibi. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Nilitoa bahasha, nikataja jina la kaka na kusema yuko njiani, na mzee aliyekuwa anaongoza shughuli akauliza amefika wapi. Nilipiga. Alikuwa ameshavuka Busisi, amepita Geita.

Wakasubiri tena kidogo. Mawingu yalianza kurudi kutoka ziwani. Saa tisa na nusu mzee akatikisa kichwa, wakamteremsha bibi kwenye kibanja chake mwenyewe, katikati ya migomba aliyoipanda, nami nikatupa udongo mara mbili, mara moja kwa mkono wangu na mara moja kwa wa kaka.

Alifika saa kumi na moja jioni, vumbi la Chato bado liko kwenye viatu vyake. Alisimama pale kwenye kona ya nyumba. Majembe yalikuwa yameshaoshwa, yameegemezwa ukutani, yanachuruzika maji.